Leza ya semikondakta ni nini?

Ukiunganishiwa intaneti ya faiba nyumbani, ule waya mwembamba, mara nyingi wenye kichwa cha kijani, huchomekwa kwenye kisanduku ukutani. Ndani ya kisanduku hicho mna leza ya semikondakta: kichembe kidogo kuliko punje ya chumvi, kinachogeuza umeme kuwa mwanga. Semikondakta ni maada inayopitisha umeme kwa kiasi, chini ya metali lakini zaidi ya kioo.

Kichembe hicho kina pande mbili zilizoungana. Upande mmoja una elektroni za ziada, wa pili una matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni. Umeme ukipita, elektroni huangukia kwenye tundu na nishati yake hutoka kama mwanga. Silikoni, iliyojaa kwenye simu na kompyuta, haifai hapa, kwa sababu karibu nishati yote hiyo huishia kuwa joto. Badala yake hutumika semikondakta nyingine, indiamu fosfaidi na jamii yake.

LED, ile taa ndogo ya semikondakta, nayo hutoa mwanga kwa njia hiyo hiyo, lakini mwanga wake hutawanyika na una mawimbi ya urefu mbalimbali. Ndani ya faiba mawimbi hayo hayaendi kwa kasi moja, hivyo baada ya masafa marefu alama za mwanga zinazobeba data hupandana na kusomeka vibaya. Katika leza, mwanga hurudishwa huku na huku, na kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, huchochea nyingine inayofanana nayo kabisa, hivyo mawimbi yake huwa ya urefu karibu mmoja. Hapo ndipo thamani yake ilipo.

Leza ya kwanza ya aina hii iliwaka mwaka 1962 katika maabara ya General Electric, Marekani, ikiwa imepozwa kwa baridi kali. Kwangu mimi, mwaka mkubwa zaidi ni 1970: kundi la mwanafizikia Zhores Alferov mjini Leningrad, Muungano wa Kisovieti, na Hayashi na Panish wa maabara ya Bell Labs, Marekani, walipanga matabaka ya semikondakta tofauti, leza ikawaka mfululizo katika joto la kawaida la chumba. Bila hilo, kisanduku cha nyumbani kisingewezekana.

Urefu wa wimbi huchaguliwa kufuata kioo ambacho faiba imetengenezwa nacho. Karibu na nanomita 1550 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) faiba hupoteza mwanga kidogo kuliko kwingine, kiasi cha nusu tu kwa kilomita 15, na nyaya za baharini kama SEACOM, iliyofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, hutumia eneo hilo. Kwenye faiba ya nyumbani ya mfumo wa GPON, data hukufikia kwa nanomita 1490 na kutoka kwako kwa 1310, zikipishana ndani ya uzi mmoja. Macho hayauoni mwanga huo, kwa hiyo usichungulie kamwe ncha ya waya uliochomolewa.