Jeni 20,000 si wagonjwa 20,000: dhana potofu kuhusu takwimu za maikroarei

Maikroarei ni chipu inayopima utendaji wa maelfu ya jeni kwa mara moja; kila jeni husomwa kwa ukali wa mwanga wa nukta yake.

Dhana: Jeni yenye thamani ya p chini ya 0.05 imethibitika kubadilika.

Thamani ya p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu, iwapo jeni haikubadilika. Hapa ndipo orodha nyingi za jeni huharibikia. Chukua jeni 20,000, na tuseme hakuna hata moja iliyobadilika kati ya wagonjwa na wazima. Ukipima kila moja kwa kigezo hicho, takriban 1,000 zitapita kwa bahati tu. Utapata orodha ndefu ya kuvutia, na yote ni uongo.

Njia ya Bonferroni hugawa 0.05 kwa idadi ya vipimo, hivyo kigezo kinashuka hadi 0.0000025. Ni kali mno: sampuli zikiwa chache, hata jeni za kweli hutupwa. Mwaka 1995 wanatakwimu Benjamini na Hochberg walikuja na njia nyingine, ya kudhibiti sehemu ya uongo miongoni mwa zilizochaguliwa. Ukiweka asilimia 5, katika jeni 200 utarajie kama 10 zisizo za kweli. Kwa utafiti wa awali mimi naiona hii ndiyo njia ya busara, kwa sababu maabara inajua inabeba hasara kiasi gani inapoanza kuzihakiki.

Dhana: Jeni ambayo utendaji wake umeongezeka mara mbili ndiyo muhimu.

Mwanga hafifu ukipanda kutoka 40 hadi 80, huenda ni kelele za kifaa tu. Ongezeko dogo linalojirudia kwa kila mgonjwa lina uzito zaidi.

Dhana: Chipu nyingi, ushahidi mwingi.

Chipu sita za damu ya mgonjwa mmoja zinamweleza mgonjwa huyo peke yake. Kinachohesabika ni idadi ya watu.

Dhana: Kasoro zote zitasawazishwa na programu.

Hili linauma, maana lingezuilika bila gharama. Sampuli za wagonjwa zikipimwa zote Jumatatu na za wazima zote Alhamisi, hakuna fomula itakayotenganisha ugonjwa na siku. Zichanganywe kwa kura kabla ya kugusa chipu ya kwanza.

Dhana: Makundi yakijitokeza kwenye picha, basi yapo.

Programu ya kupanga makundi hutoa makundi hata ukiilisha namba za kubahatisha. Hali huwa mbaya zaidi jeni zikichaguliwa kwanza kwa sababu zinatofautisha wagonjwa na wazima, kisha picha ileile ikaletwa kama ushahidi kwamba wanatofautiana.