Safari ya nne ya Roton

Kazi yangu ni kutunza vyombo vya angani vilivyostaafu, hasa vile vilivyoundwa kwa nyuzi na gundi badala ya bati la alumini. Kipo kimoja ambacho nakirudia mara kwa mara ninapowafundisha vijana kazi hii: Roton ATV, yaani chombo cha majaribio ya angahewa cha Roton, koni yenye urefu wa mita 19 inayosimama kwenye uwanja wa ndege wa Mojave, California. Nakirudia kwa sababu kinaonyesha kwamba kilichowasumbua marubani hewani ndicho kilichokuja kuwasumbua wahifadhi, miaka michache baadaye.

Kampuni ya Rotary Rocket, chini ya Gary Hudson, ilikuwa na wazo la kijasiri. Roketi ingepanda mpaka kwenye obiti, njia ya kuizunguka dunia, ikiwa nzima, bila kudondosha kipande njiani, kisha wakati wa kurudi ingekunjua mapanga kama ya helikopta na kutua wima, tayari kutumika tena. ATV ilijengwa kujibu sehemu moja tu ya wazo hilo: je, inaweza kutua? Ndiyo maana haikuwa na injini ya roketi wala ngao ya joto. Ilijengwa na kampuni ya Scaled Composites kwa dola milioni 2.8, ikatolewa kwenye hanga tarehe 1 Machi 1999.

Mapanga na kitovu chake vilitoka kwenye helikopta ya Sikorsky S-58 iliyokuwa imeanguka. Vilinunuliwa kwa dola 50,000, wakati kitovu kipya kingeweza kufika dola milioni moja. Wapo wanaouona uamuzi huo kama ubahili. Mimi nauona kama busara ya fundi: unapojaribu jambo moja geni, vifaa vingine vyote viwe vya aina ambayo tabia yake inajulikana. Kabla ya kufungwa kwenye koni, mapanga yalizungushwa kwanza kwenye machimbo ya mawe. Panga likikatika likiwa kwenye mwendo huo, ni heri likutane na ukuta wa jiwe kuliko mtu.

Kwenye ncha ya kila panga kulikuwa na kisukumo kidogo kilichotumia haidrojeni peroksaidi. Kimiminika hicho kikipita juu ya kichocheo hugeuka ghafla kuwa mvuke wa moto na oksijeni, na msukumo wake ndio unaozungusha mapanga. Hakihitaji kiberiti wala mafuta ya pili, na hapo ndipo ugumu ulipo. Peroksaidi kali haichagui kichocheo. Kutu, vumbi, mafuta ya mikono, nyuzi za nguo, vyote vinaweza kuiamsha. Bomba lisilosafishwa vizuri ni hatari, na valvu inayofungia tone moja ndani yake ni hatari zaidi, kwa kuwa tone hilo huendelea kutoa gesi polepole na gesi haina pa kutokea. Kwa hiyo chombo cha aina hii kikinijia, sigusi kitu chochote kabla ya kupata maandishi yanayoonyesha matangi na valvu zilikaushwa lini, na kwa njia gani.

ATV iliruka mara tatu. Safari ya kwanza, tarehe 28 Julai 1999, marubani Marti Sarigul-Klijn na Brian Binnie waliinyanyua mara tatu, jumla ya dakika 4 na sekunde 40, bila kuvuka mita 2.4 kutoka ardhini. Mita mbili na nusu zinaweza kuonekana si kitu, lakini hebu jiweke kwenye viti vyao. Chumba kilikuwa na upeo mdogo wa kuona hata wakakiita pango la popo. Ardhi iliyo chini hawakuiona kabisa, wakawa wanategemea kipimo cha mwangwi wa sauti kujua wamebakiza kiasi gani. Juu yao mapanga yanazunguka, na mzunguko huo unalivuta umbo zima lizunguke nalo. Koni ilikuwa nyepesi kugeuka, kwa hiyo rubani alilazimika kuizuia muda wote kwa msukumo wa upande wa pili. Huku ni kutua kwa kupapasa, ndani ya kitu kinachotaka kujisokota.

Safari ya pili, tarehe 16 Septemba, ilikuwa tulivu zaidi. Waliweka visukumo vyenye nguvu zaidi na kifaa cha kurekebisha nguvu chenyewe, wakaelea dakika mbili na nusu kwenye mita 6.

Ya tatu ndiyo ninayoitaka. Tarehe 12 Oktoba chombo kilisafiri kando ya uwanja kwa mita 1,310, kikafika mita 23 juu na mwendo wa kilomita 85 kwa saa. Hapo kikaonyesha kasoro: kikienda mbele, hakikutulia. Kusimama hewani kiliweza, kusonga kulikisumbua. Jaribio la nne lilipangwa kukipandisha mpaka kama mita 3,050, kisha nguvu ipunguzwe na kishuke kwa mapanga yanayozungushwa na upepo wenyewe mpaka chini. Halikufanyika. Fedha zaidi hazikuelekea kupatikana, na kuhatarisha watu wawili kwa mradi unaofifia kusingekuwa na maana. Naheshimu sana uamuzi huo. Mwaka 2001 kampuni ikafungwa.

Ikabaki koni. Jumba moja la makumbusho ya helikopta, karibu na San Diego, lilikubali kuipokea. Lakini kitu cha mita 19 utakipeleka vipi? Tarehe 9 Mei 2003 kilining'inizwa chini ya helikopta ya Chinook ya jeshi la akiba la Marekani. Mwendo ulipozidi kidogo fundo 35, yaani kama kilomita 65 kwa saa, koni ikaanza kuyumba huku na huku chini ya kamba, na safari ikakatishwa.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo ilikuwa safari ya nne ya Roton, na ilitoa jibu lilelile la Oktoba 1999. Umbo refu, pana chini, lenye eneo kubwa la kupokea upepo na uzito mdogo wa kulituliza, halipendi kusukumwa kwa ubavu. Kabla sijahamisha chombo chochote, siku hizi naomba taarifa za majaribio yake kabla ya kuomba vipimo vya lori. Marubani walishaandika humo kitakachonipata njiani.

Basi kikabaki Mojave. Uongozi wa uwanja ukakihifadhi, na tarehe 10 Novemba 2006 kikasimamishwa mahali pake pa kudumu, kwenye makutano ya barabara ndani ya uwanja. Jangwa lina wema wake: hewa kavu huchelewesha kutu, na ndiyo sababu ndege nyingi za abiria hupelekwa huko kupumzika. Lakini kutu ni ugonjwa wa chuma. Gundi ya epoksi adui yake ni jua. Miale hula gundi kutoka juu kwenda ndani, uso unaanza kutoa unga kama chaki, na chini ya unga huo nyuzi zinabaki uchi. Rangi ndiyo ngozi yake. Ikichoka, ipakwe upya mapema. Tofauti ya joto kati ya mchana na usiku nayo hufanya kazi yake pale boliti ya chuma inapoingia kwenye ganda, kwa sababu viwili hivyo havitanuki sawa. Miguu nayo ilitengenezwa ipokee kishindo cha kutua mara chache. Haikutengenezwa ibebe upepo wa jangwa miaka na miaka.

Kwa ganda la namna hii naanza na sarafu. Nagonga taratibu, sentimita chache chache, sikio likiwa karibu. Palipo salama panalia kwa sauti kavu na kali. Pale tabaka zilipoachana sauti inazama, kama unagonga kadibodi. Hapo nazungushia duara la chaki, naandika tarehe, na mwaka unaofuata narudi kuona kama duara limekuwa dogo mno kwa pale palipoachana.