Ziwa Itasca si Ziwa Victoria: soma hapa kabla hujapakia hema

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka naanza kupigiwa simu na watu wetu wa huku Minnesota, Marekani, Wakenya, Watanzania, Wakongo, wanataka kwenda kupiga kambi Itasca State Park, hifadhi ya jimbo yenye ziwa la jina hilo, na swali la kwanza ni lile lile: "kaka, kule kuna dubu?" Wapo. Ni wale dubu weusi, na dubu hana shida na wewe, ana shida na boksi la barafu lenye nyama ya mbuzi uliloacha chini ya meza usiku. Chakula chote, dawa ya meno, sufuria ambayo haijaoshwa, vyote vinalala ndani ya gari lililofungwa. Dubu tumemaliza. Kinachonipeleka kazini kila siku (mimi niko upande wa elimu ya usalama wa majini na kambini) ni baridi, na baridi hakuna anayeniuliza.

Nimekulia Mwanza. Utoto wangu wote ni mawe na maji, ukitoka shule unatupa begi unapiga mbizi. Sasa mwaka wangu wa kwanza huku, wikiendi ya sikukuu ya Memorial Day, mwisho wa Mei, jua linawaka watu wako na bukta, nikajirusha kutoka kwenye gati kama mtu anayelijua ziwa. Pumzi ikakata. Kifua kikawa kinavuta hewa chenyewe, kwa nguvu, heh, heh, heh, siwezi kukizuia, na kama mdomo ungekuwa chini ya maji wakati ule ningevuta maji. Ngazi ilikuwa mita nne hivi kutoka nilipo, nilipoifikia vidole havikunjiki, nikaishika kwa viwiko. Watu wanacheka wakidhani nafanya utani.

Kilichotokea ni hiki. Maji ya Ziwa Victoria mwaka mzima yanacheza kwenye nyuzi 24, 25. Huku kaskazini barafu ya ziwani mara nyingi inaondoka mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, kwa hiyo mwezi mmoja baadaye hewa imeshapata joto ila maji bado, na mwili ukiingia ghafla unashtuka. Tunafundisha hesabu ya 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi (usipambane, elea, pumua), dakika kama 10 ambazo mikono na miguu bado inakusikiliza, na kama saa 1 kabla baridi haijakuzimisha fahamu. Wengi hawaifikii hiyo saa, wanaishia kwenye zile dakika za mwanzo, tena wakiwa wanajua kuogelea, kwa sababu laifu jaketi liko chini ya kiti cha mtumbwi. Sheria ya Minnesota inasema mtoto chini ya miaka 10 lazima avae laifu jaketi boti ikiwa inatembea, mimi nasema na baba yake avae. Yale maboya ya kupuliza ya bata na flamingo si kifaa cha kuokoa mtu, upepo ukitoka nchi kavu unayasukuma katikati ya ziwa na mtoto yuko juu anapunga mkono.

Na ufukweni usitegemee kukuta mwokoaji, parki nyingi za jimbo hawana. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono kama kwenye muvi, anasimama wima ndani ya maji, kichwa nyuma, kimya, watu wako mita tatu wanageuza mishkaki. Ndiyo maana tukisema "sote tunawaangalia watoto" ujue hakuna anayewaangalia. Chagueni mtu mmoja kwa zamu ya dakika 15, simu aikabidhi, akichoka amwite mwenzake kwa jina, "mama Neema chukua", ndiyo aondoke.

Usiku sasa. Hata Juni unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na watu wetu wanakuja na blanketi moja na khanga mbili kwa sababu mchana walikuwa wanatoka jasho. Baridi inapanda kutoka chini, ardhi inakunyonya joto, kwa hiyo godoro la kambi au mkeka mzito wa kulalia ni muhimu kuliko blanketi la tatu la kujifunika, na slipingi begi usome imeandikwa ya nyuzi ngapi kabla hujalipa. Maana ukikosa hivyo vitu ndipo saa nane usiku mtu anapata lile wazo: mkaa bado una moto, ngoja tuingize jiko hemani kidogo.

Hapo naomba unielewe vizuri. Mkaa unatoa karboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu kama moshi wa kuni, na mkaa uliofifia ukawa na majivu juu bado unaitoa. Ile hewa inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, yaani unapumua lakini hupati kitu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, unajiambia ni uchovu wa safari, unalala. Kufungua zipu ya hema kidogo haisaidii. Jiko la mkaa, jiko la gesi, hita ya gesi, vyote vinabaki nje, hata mvua ikinyesha, hata kama ni dakika tano. Mkisikia baridi sana ingieni kwenye gari, washeni hita mkihakikisha bomba la moshi haliko kwenye majani wala matope, au chemsheni maji mtie kwenye chupa ya chuma mkumbatie. Hiyo chupa ndani ya soksi, miguuni, mimi siendi bila hiyo.

Mambo ya mpango wenyewe hayana ugumu, ni kuwahi tu. Saiti (sehemu ya kuweka hema) zinabukiwa mtandaoni hadi siku 120 kabla, kwa hiyo anayetaka wikiendi ya kwanza ya Agosti dirisha lake linafunguka mwanzoni mwa Aprili, bado theluji iko kwenye paking. Itasca wana kambi mbili, Pine Ridge na Bear Paw, ya karibu na maji ni Bear Paw na ndiyo inayowahi kujaa. Saiti moja kwa kawaida ni watu 6, labda muwe familia moja, sasa nyie mnakuja gari nne, watu 17, sufuria la pilau na spika, halafu mnashangaa askari wa parki anakuja. Mkiwa wengi bukuni kambi ya kikundi, na saa 4 usiku hadi saa 2 asubuhi ni kimya, spika na stori za sauti ya juu mziache. Gari linalipa kwa siku au kwa mwaka, ila kuna maktaba za umma huku zinaazimisha pasi ya parki kama zinavyoazimisha kitabu, ulizia ya kwenu. Na kama hujawahi kulala hemani kabisa, idara ya maliasili ya jimbo wana programu inaitwa I Can Camp!, wanakupa vifaa na mtu wa kukufundisha. Sijui kwa nini watu wetu hawaendi.

Kuni usibebe kutoka nyumbani na usiokote porini, zote mbili hazikubaliki, nunua palepale. Si roho mbaya, kuna mdudu wa kijani anayeua miti inayoitwa ash, alionekana Michigan 2002 na kufika Minnesota 2009, na kusafiri kwake kwa mbali ni ndani ya kuni za watu kama sisi. Kupe ni Mei hadi katikati ya Julai hivi, mkirudi hemani kaguaneni nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele za watoto, ukimkuta mvute kwa kibano taratibu kutoka kwenye ngozi, usimchome moto wala kumpaka mafuta. Mvua za radi ziheshimu, usiku wa kuamkia 21 Juni 2025 upepo uliangusha miti mingi sana mji wa Bemidji, na kutoka pale hadi Itasca ni mwendo mfupi tu kwa gari. Ukifika saiti angalia juu kwanza, mti mkavu au tawi linaloning'inia usiweke hema chini yake, na ulizia ofisini pa kujificha ni wapi, maana simu huko inashika inapotaka.

Halafu nendeni mkaone chanzo cha mto Mississippi, unaanzia hapo Ziwa Itasca, ndiyo raha ya pale. Mwaka 1832 Mzungu mmoja, Schoolcraft, anaandikwa kwamba alikigundua, wakati aliyempeleka ni Ozawindib, Mwojibwe, kabila la wenyeji wa huku, ambaye watu wake walikuwa wanalijua ziwa lile miaka yote (sisi wa kwetu Ziwa Victoria hadithi hii tunaijua). Maji yanatoka ziwani yanapita juu ya mstari wa mawe, yanakufika magotini, mtoto wa miaka sita anauvuka mto mkubwa wa Marekani na kurudi. Mawe yanateleza, vaeni viatu vya kamba. Kandambili ikichomoka pale usiikimbilie, kibao kinasema kutoka hapo hadi Ghuba ya Mexico ni maili 2,552.