Bagamoyo hadi Ujiji kwa barabara za Morogoro

Katika daftari la kliniki yetu ya mguu kifundo kulikuwa na majina yaliyoishia kwenye hogo (plasta ngumu ya kushikilia mguu) la pili. Mama analeta mtoto wa wiki tatu, nyayo zimegeuka hadi zinatazamana. Tunamnyoosha taratibu, tunamfunga hogo, tunamwambia mama arudi Jumanne ijayo. Anarudi. Tunafungua, tunanyoosha tena, tunafunga la pili. Jumanne inayofuata haonekani, na nyingine haonekani. Ukimpigia simu anakujibu kwa upole: "Nauli, mama. Nikipata nitakuja."

Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka 34, mingi yake hapa Morogoro. Nilipostaafu nikiwa na miaka 60 nilikabidhi funguo, meza na vifaa, lakini majina yale niliondoka nayo.

Kwa wasioufahamu ugonjwa huu: katika kila watoto 800 hadi 1,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huzaliwa na mguu kifundo. Unatibika, tena bila upasuaji mkubwa. Njia tunayoitumia ni ya Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Hogo hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, na kila mara mguu unasogezwa kidogo kuelekea mahali pake. Watoto wengi kisha huhitaji mkato mdogo kwenye kano ya kisigino na hogo la mwisho la wiki tatu. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala tu mpaka afikishe miaka minne au mitano. Viatu vikiachwa mapema, mguu hurudi ulikotoka. Kwa hiyo hata pale ambapo matibabu ni bure, safari si bure, na safari ni nyingi. Mtoto wa Mvomero au wa Matombo anashindwa na umbali kabla hajashindwa na ugonjwa.

Wiki chache baada ya kustaafu nilikuwa barazani kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia, nikamweleza kwamba nataka kuchangisha nauli za akina mama hawa. Akaniuliza, "Dada, una nini cha kuwaonyesha watu hata wafungue pochi?" Nilikuwa na miguu, na sasa nilikuwa na muda.

Matembezi ya hisani tumeyazoea. Watu wanavaa fulana za rangi moja Jumamosi asubuhi, wanatembea kilomita tano na mgeni rasmi, wanapiga picha, imeisha. Mimi nilitaka kitu kirefu, kitakachowaweka wachangiaji njiani kwa miezi, kwa sababu matibabu yenyewe ni ya miezi na miaka. Ndipo tukafikiria kutembea njia ndefu kwenye ramani. Unatembea mtaani kwako kila siku, unajumlisha kilomita zako, na kwenye ramani unasogea kuelekea mbali. Waingereza wengi huchagua Land's End hadi John o' Groats, ambayo kwa barabara ni kama kilomita 1,400, na zipo programu za simu zinazokuchorea ulipofika. Lakini mimi naishi Morogoro, mji uliokaa kwenye njia kuu ya kale ya misafara. Mwalimu akafungua ramani yake, akaweka kidole Bagamoyo, akakivuta hadi Ujiji. Kilomita 1,200 hivi.

Nilisita, na sababu niliwaeleza wachangiaji tangu siku ya kwanza. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watu waliokamatwa. Wako waliofika pwani na minyororo shingoni, na wako ambao hawakufika. Biashara ya watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, lakini machungu yake hayakuisha siku hiyo. Kutembea njia hiyo kwa kujifurahisha nisingeweza. Nilichoweza ni kuitembea nikiwakumbuka, na nikiwakumbuka pia wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakibeba kwa ujira mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, nyuma ya kirangozi wao, yaani kiongozi wa msafara. Nikamkumbuka Susi na mwenzake Chuma, walioubeba mwili wa Livingstone kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, baada ya kifo chake Mei 1873, mpaka Bagamoyo Februari 1874. Karibu miezi tisa. Mimi nilipopiga hesabu ya kilomita 5 kwa siku, siku sita kwa wiki, nilipata wiki 40, yaani miezi tisa. Nikaona huo ni mwendo wa heshima.

Sasa niseme kama mtaalamu, maana wastaafu wengi wameniuliza waanzeje.

Anza kwa kupima hatua yako. Usiiamini simu peke yake. Chukua tepu ya fundi, pima mita 100 mahali tambarare, tembea kwa mwendo wako wa kawaida ukihesabu. Mimi nilipata hatua 148, kwa hiyo hatua yangu ni kama sentimita 68, na Ujiji ilikuwa mbele yangu kwa hatua zaidi ya milioni moja na laki saba. Hizo hatua 10,000 kwa siku ambazo kila mtu anazitaja zilianzia kwenye kifaa cha Kijapani cha kuhesabia hatua kilichouzwa mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha "kipimo cha hatua elfu kumi". Lilikuwa jina la bidhaa. Mzee wa miaka 65 aliyekuwa akitembea hatua 3,000 akifika 5,000 amejitendea jambo kubwa, asione aibu.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya nguvu ya wastani. Wastani maana yake unatembea huku unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kwa wenye miaka 65 na zaidi linaongeza mazoezi ya mizani na ya kuimarisha misuli, siku tatu kwa wiki au zaidi, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanatembea tu. Simama kwa mguu mmoja huku umeshika kiti. Inuka kwenye kiti bila kutumia mikono, mara kumi. Panda kidato kimoja, shuka, rudia. Anayeanguka na kuvunjika nyonga hana tena habari ya kilomita.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au kisukari amwone daktari kwanza. Na mwenye kisukari nitamsisitizia zaidi, kwa sababu nimeviona vidonda: kila jioni kagua nyayo zako, katikati ya vidole na chini, ukishindwa kuinama tumia kioo au mwambie mjukuu akutazamie. Usitembee peku hata uani. Kiatu kiwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, na ukinunue jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, siyo asubuhi.

Mimi nilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mara nyingine nilielekea Bigwa, mara nyingine Kihonda, milima ya Uluguru ikiwa bado kivuli. Vijana wa bodaboda kwenye kijiwe cha njia panda wakawa wanaijua safari kuliko baadhi ya ndugu zangu. "Shikamoo mama, leo tumefika wapi?" "Marahaba wanangu, tumevuka Ruvu." Nilipokaribia kilomita 200, msafara wa kwenye ramani ukaingia Morogoro. Siku ile nilitembea polepole kupita mbele ya nyumba yangu mwenyewe, na nilipotuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kwamba tumefika nyumbani na kesho tunaondoka, watu walianza kuchangia ambao hata sikuwaomba.

Na hapo nikaharibu. Kwa furaha ile nilipanda kutoka kilomita 30 kwa wiki hadi 45, jambo ambalo kwa miaka 34 niliwakataza wengine. Tulipofika Marenga Mkali, lile eneo kavu baada ya Mpwapwa ambalo misafara ililiogopa kwa kukosa maji, nikaamka asubuhi na hatua ya kwanza kutoka kitandani ikanichoma kisigino kama nimekanyaga msumari. Ni ule utando mgumu unaoshika upinde wa wayo. Ukibebeshwa zaidi ya ulivyozoea, unauma hasa hatua za kwanza za asubuhi. Dawa yake ni uvumilivu. Nilishuka hadi kilomita 2 kwa siku, nikawa nasukuma ukuta kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu asubuhi na jioni, nikivuta vidole vya mguu kabla ya kushuka kitandani. Wiki tano. Mwanangu wa Dodoma akapendekeza atembee kilomita zangu badala yangu. Nikakataa. Wachangiaji waliahidi kwa kilomita za miguu yangu, na hakuna aliyeahidi kwa haraka.

Fedha ndiyo sehemu niliyoiogopa zaidi. Tuliazima desturi ya michango ya harusi: kadi za ahadi. Anayeahidi shilingi 100 kwa kilomita, mpaka Ujiji ametoa 120,000, na hakuisikia kama mzigo, kwa sababu hatukusubiri mwisho. Tulikusanya kwenye kila kituo cha kale: Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mimi nilipenda tuyaite makusanyo hayo hongo, kwa kuwa ndiyo ada ambayo misafara ililipa kupita Ugogo. Mwalimu akanikatalia. "Dada, neno hilo leo ni rushwa. Ukilitaja kwenye fedha za watoto, nani atakuelewa?" Tukaita ada ya kituo. Alikuwa sahihi.

Fedha hazikupita kwenye simu yangu hata siku moja. Mwalimu alikuwa mweka hazina, muuguzi aliyebaki kliniki alithibitisha nani amekuja, na nauli ililipwa mama akishafika, ya kwenda na ya kurudi. Kila Ijumaa orodha ya mapato na matumizi iliwekwa kwenye kundi, bila majina ya watoto na bila picha zao. Watu walituomba picha. Tulisema hapana, na sikuona mchango ukipungua kwa sababu hiyo.

Kutoka Tabora hadi Ujiji ni kama kilomita 400, na sina mengi ya kusimulia: mvua, tope, Uvinza na chumvi yake, miguu iliyozoea.

Kilomita za mwisho sikuzitembea kuelekea Bigwa. Nilikwenda stendi ya Msamvu nikamsubiri mama mmoja aliyetoka Gairo, tukatembea pamoja hadi kliniki, njia ambayo akina mama huitembea wanapokosa pesa ya bodaboda. Nilimpokea mkoba, yeye akambeba mtoto mgongoni. Lilikuwa hogo la tano. Manyunyu yalipoanza tulijibanza chini ya mwembe, akavua kanga ya begani akaufunga mguu usilowe, na hapo chini ya mwembe simu ikaandika 1,200.