Ute wa Yai, Limao na Makunyanzi: Kipi Kinasaidia?

Dawa za jikoni za kuondoa makunyanzi zimejaa kwenye simu zetu, na kliniki ya ngozi hapa Dodoma swali ni lile lile: zinafanya kazi kweli? Kulainisha ngozi, nyingi zinalainisha. Kufuta kunyanzi lililokwisha kukaa, hapana.

Chukua ute wa yai. Unapakwa, unakauka, ngozi inavutika na mistari inafifia. Ukinawa, inarudi palepale. Kunyanzi limejengeka tabaka la chini, ambako nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara zimepungua na kukatika, na ute hauzifikii.

Mafuta yana nafuu. Ya alizeti yanayokamuliwa hapa na Singida, ya ubuyu, hata mafuta ya mgando ya dukani, yote huzuia maji yasipotee kwenye ngozi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wetu mkavu huipausha ngozi, na mistari midogo huonekana mikubwa kuliko ilivyo. Paka mara tu unapotoka kuoga, uso ukiwa bado na unyevu, na tofauti utaiona siku hiyo hiyo. Ni tofauti ya kweli, ila ni ya ukavu, si ya uzee.

Linalonitia hofu ni limao. Asidi yake ni kali mno kwa ngozi, tena lina kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza. Mtu anapaka asubuhi, anakwenda zake Soko la Majengo. Kesho au keshokutwa uso unawaka, malengelenge yanatoka, kisha doa jeusi linabaki kwa wiki au miezi. Mkorogo, yaani krimu za kuchubua ngozi, ni balaa zaidi: wenye steroidi huikondesha ngozi hadi ichubuke kwa kuguswa tu, na wenye zebaki hudhuru figo.

Mkunjaji mkuu wa ngozi, mbali na umri na sigara, ni jua. Dodoma ipo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa miezi mingi hakuna wingu la kutukinga. Miale ya urujuanimno hupenya hata kioo cha dirisha la gari. Mtazame dereva aliyezeekea kwenye usukani: mara nyingi shavu la kulia, la upande wa dirisha, limekunjamana kuliko la kushoto. Melanini, rangi ya asili ya ngozi nyeusi, huyachelewesha makunyanzi, haiyazuii. Kwa mwenye ualbino hatusemi hata habari za urembo. Hapo jua ni saratani.

Huko Nambour, Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa waliopaka losheni ya jua kila siku kwa miaka minne na nusu, ngozi zao zilizeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko za waliopaka wapendavyo. Chagua yenye namba ya kinga (SPF) 30 au zaidi, na ukishinda juani rudia kila baada ya saa mbili. Bei ikikushinda, vaa kofia pana na ukae kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Kwa makunyanzi yaliyokwisha kutokea ipo krimu ya tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A. Hupakwa usiku, huwasha na kubambua ngozi wiki za mwanzo, na matokeo huonekana baada ya miezi. Muone daktari kwanza. Mjamzito haruhusiwi kuitumia.