Ukurutu wa wiki ya kumi

Mama alinifungulia kadi ya kliniki hata kabla hajakaa. "Dokta, hebu angalia tarehe." Sindano ya wiki 10 ilichomwa Jumatatu. Kufika Ijumaa mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu, yanatoa majimaji, na kichwani magamba. Bibi yake alishatoa hukumu nyumbani: ni sindano, na ya wiki 14 asichomwe.

Bibi hakukosea tarehe. Tatizo ni kwamba ukurutu wa utotoni mara nyingi huanza kati ya mwezi wa 2 na wa 6, na sindano zetu za wiki 6, 10 na 14 zinaangukia humo humo. Hata chanjo isipohusika kabisa, watoto wengi watatokwa na ukurutu siku chache tu baada ya kuchomwa. Ili kujua kama kimoja kimeleta kingine, unahitaji watoto wa kuwalinganisha nao, ambao hawakuchanjwa. Utawapata wapi bila kuwanyima kinga makusudi?

Uswidi walikuwepo. Nchi ile iliacha chanjo ya kifaduro mwaka 1979 na haikuirudisha hadi 1996. Katika pengo hilo chanjo mpya zilipofanyiwa majaribio, baadhi ya watoto walipata ya dondakoo na pepopunda tu, wengine wakaongezewa ya kifaduro, wakigawanywa kwa bahati nasibu. Watoto 669 walifuatiliwa mpaka umri wa miaka miwili na nusu. Kwa magonjwa ya mzio (aleji), ukurutu ukiwemo, makundi yalikaribiana. Waliokuwa na pumu zaidi ni wale waliougua kifaduro chenyewe! Mimi utafiti huo naupenda kuliko mingine mikubwa zaidi, maana kura haijui nani ana bibi mwenye wasiwasi.

Siku hizi naulizwa zaidi kuhusu chumvi za aluminiamu, zinazowekwa kwenye baadhi ya chanjo ili kinga iamke vizuri. Mwaka 2025 Wadenishi walitoa matokeo ya watoto zaidi ya milioni 1.2: waliopata aluminiamu nyingi hawakuonekana kuwa na pumu wala mzio zaidi kuliko waliopata kidogo.

Nikiri kwamba mimi niliwahi kuegemea upande wa pili. Mwaka 1997 utafiti wa Japani ulionyesha kuwa watoto ambao ngozi yao iliitikia sana kipimo cha kifua kikuu walikuwa na mzio kidogo, nikadhani BCG, chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu begani, ingekuwa kinga ya pumu. Denmark wakaijaribu kwa watoto wachanga zaidi ya 4,000. Kwenye ukurutu, tofauti ilikuwa ndogo mno. Basi BCG ibaki na kazi yake ya kifua kikuu.

Mzio dhidi ya chanjo yenyewe upo, ila hilo ni jambo jingine. Ule mkali hutokea takriban mara moja katika dozi milioni, tena upesi, ndiyo maana nesi anakuambia usubiri kidogo kwenye benchi.

Mtoto yule alikuwa akiogeshwa sabuni ya dawa mara tatu kwa siku. Tuliiondoa, tukaweka mafuta mazito yasiyo na manukato na krimu hafifu ya haidrokotisoni kwa siku chache. Ya wiki 14 alichomwa kwa tarehe yake.

"Na bibi?" nilimuuliza mama.

"Bibi sasa anasema ni pweza ninayekula mimi."