Wati 300 za kwenye boksi zinatoka wapi?

Nimetumiwa tena picha ya boksi la taa ya sola, safari hii na mteja wa Goba. Limeandikwa wati 300 kwa herufi kubwa, na swali ni lile lile: "Fundi, hii si itatosha uwanja mzima?"

Haitoshi. Geuza paneli usome kibandiko cha nyuma, maana umeme wa taa hiyo unatoka hapo tu. Tuseme kimeandikwa wati 20. Dar tunapigia hesabu ya saa 5 hivi za jua kamili kwa siku (yaani jua lote la siku likikusanywa liwe kali kama la mchana), kwa wastani wa mwaka, kwa hiyo ni wati-saa 100. Toa vumbi, joto na kinachopotea betri ikichaji na kutoa, bakiza 70. Usiku wetu ni wa saa 12 hivi, masika na kiangazi. Gawanya: hazifiki hata wati 6. Taa ingekuwa inakula wati 300 kweli, chaji ya siku nzima ingekwisha kwa robo saa.

Halafu fungua taa usome betri. Ikiwa ni ya volti 3.2 na ampea-saa 15, zidisha: wati-saa 48. Paneli ilete 70 au 100, betri inashika 48. Kuwaka mpaka asubuhi, taa yako ni ya wati 4. Kuna wanaonijibu kwamba ndani ina vitaa vya LED mia tatu. Vitaa vinatumia umeme, havizalishi! Hata viwe elfu, vitagawana hizo hizo wati 4.

Linaloniuma ni kwamba wati 4 au 6 za LED nzuri ni mwanga wa maana. LED ya lumeni (kipimo cha mwanga) 130 kwa wati, ukiipa wati 6, inakaribia balbu ya zamani ya wati 60. Geti, ngazi na mlango wa nyuma vinaonekana vizuri kabisa. Mtu aliyeahidiwa uwanja wa mpira ndiye anayeiona mbovu, kisha anatangaza mtaa mzima kwamba sola ni utapeli. Uwanja mkubwa ufungie LED ya wati 50 ya umeme wa TANESCO: usiku kucha inakula uniti 0.6.

Jua kali nalo lisikudanganye. Paneli inataka mwanga, joto linaipunguzia: kila nyuzi moja juu ya 25 inaondoa kama asilimia 0.4. Ikifika nyuzi 60 umepoteza asilimia 14. Zile taa ambazo betri imebanwa mgongoni mwa paneli sizipendi, kwa sababu betri ya lithiamu huzeeka haraka kwenye joto.

Vitabu vinasema weka betri ya kutosha siku tatu za mawingu. Kwa taa za nyumbani nina mashaka na kanuni hiyo. Aprili mawingu yanaweza kukaa wiki, na betri kubwa kwenye paneli ile ile ndogo haijai. Mimi Aprili naipigia saa 4 za jua kamili kwa siku badala ya 5, naongeza paneli kwanza, na naseti taa ipunguze mwanga baada ya saa 5 usiku. Sensa ya mwendo inaokoa chaji nyingi, lakini paka wakipita mwanga unapanda na kushuka, na bado najiuliza kama hilo linamsaidia mlinzi au linamchosha macho.

Kufunga ni kazi fupi. Paneli ielekee kaskazini na ilale nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Karibu na bahari, kama Kigamboni na Mbezi Beach, tumia boliti za chuma kisichoshika kutu. Na kivuli cha mwarobaini wa jirani kiangalie tena saa 9 alasiri, si asubuhi unapofunga tu.